Pandas na statsmodels kwenye data ya Nairobi: tathmini ya zana mbili za kuchunguza mfululizo wa wakati

Yeyote Nairobi anayeshika data iliyopangwa kwa tarehe, iwe mauzo ya duka, usomaji wa mita, mvua, bei za sokoni au abiria wa matatu, tunampendekezea maktaba hizi mbili za lugha ya programu ya Python bila kusita: pandas ya kupanga data, statsmodels ya takwimu. Ni za bure, zikishawekwa hazihitaji intaneti, na zinatosha kwa hatua yote ya uchunguzi, yaani ile kazi ya kuijua data kabla hujathubutu kutabiri chochote. Zina kasoro moja, nayo ni nzito: chaguo-msingi zake, yaani mambo zinazoamua zenyewe usipoziambia, hazikuwekwa na mtu anayeijua kalenda ya hapa. Tarehe huanza na mwezi. Siku isiyo na rekodi huhesabiwa sifuri. Data ya kila siku hudhaniwa ina mzunguko wa wiki peke yake. Mara nyingi huonywi. Unachorewa grafu safi ya jambo ambalo halikutokea, nawe unaipeleka kwa meneja.

Kwa hiyo tathmini hii inakaa zaidi kwenye chaguo-msingi hizo, kwa sababu hapo ndipo kazi huharibika.

Gharama tuimalize upesi. Unacholipa ni bando tu: pandas, statsmodels na zile zinazohitajika pamoja nazo, NumPy, SciPy na Matplotlib, hupakuliwa kwa pip, kisakinishi cha Python, kwa chini ya megabaiti 150 zote pamoja. Kipakatalishi chenye RAM ya gigabaiti 4 kinatosha. Kipimo kimoja kila dakika 5 ni vipimo 288 kwa siku na 105,120 kwa mwaka. Kila kimoja huchukua baiti 8, hivyo mwaka mzima haufiki megabaiti moja. Karatasi moja ya Excel hukomea mistari 1,048,576. Vitambuzi 10 vya aina hiyo, vikiorodheshwa chini kwa chini kwa mwaka mmoja, vina mistari 1,051,200. Inayozidi haiingii kwenye karatasi, na inayokosekana ni siku 9 hivi za mwisho za kitambuzi cha 10. Mtu asiyehesabu mistari atadhani kitambuzi hicho kilizimika kabla ya Krismasi.

Tarehe na saa

Kenya huandika siku kwanza. 03/04/2023 ni tarehe 3 Aprili, lakini pandas ikiachwa huisoma kuwa tarehe 4 Machi. Kabla ya toleo la 2.0, lililotoka Aprili 2023, mambo yalikuwa mabaya zaidi: programu ikifika 13/04/2023 iligundua kwamba 13 haiwezi kuwa mwezi, ikaigeuza tarehe hiyo peke yake na kuendelea. Safu moja, kanuni mbili. Siku 12 za kwanza za kila mwezi zilitawanyika kwenye miezi yote ya mwaka, na zile za 13 hadi 31 zikabaki mahali pake. Jumla ya mwaka haikubadilika hata shilingi moja, ndiyo maana kosa hili lilipita kwa wahasibu wengi bila kuonekana.

Tangu 2.0, pandas hukisia mpangilio kutoka tarehe ya kwanza, kisha huutumia kwa safu nzima, na tarehe isiyolingana husimamisha kazi kwa ujumbe wa kosa. Huu ni uboreshaji tunaousifu kwa moyo wote. Hata hivyo faili lenye siku 12 za kwanza za mwezi tu litapita bila neno. Kuweka dayfirst=True kunasaidia, ila hilo ni pendekezo kwa programu, halina nguvu ya amri. Andika mpangilio wenyewe: format='%d/%m/%Y'. Kisha hesabu rekodi kwa kila tarehe ya mwezi, 1 hadi 31. Ikiwa zile za 1 hadi 12 hazifanani na za 13 kwenda mbele, huenda kuna tarehe zimegeuzwa mahali.

Saa ndiyo mtego ambao hakuna mwongozo wa pandas unaoutaja, kwa kuwa ni wetu. Rekodi za mkono, kama kitabu cha mlinzi, daftari la kioski cha maji au orodha ya mizigo Gikomba, huandikwa kwa saa za Kiswahili. "Saa 2" ya asubuhi ni 08:00. Zamu ikibadilika na karani mwingine akaandika "8.00", safu hiyo sasa ina mifumo miwili ya saa inayopishana kwa saa 6. Kuigundua ni rahisi: chora idadi ya matukio kwa kila saa ya siku. Ukiona vilima viwili vya umbo moja vilivyoachana kwa saa 6 kamili, usitafute maelezo ya kibiashara. Mtafute aliyeshika kalamu. Kurekebisha ni kuongeza saa 6, lakini lazima uwe na safu inayosema asubuhi, mchana, jioni au usiku, maana saa 7 mchana ni 13:00 na saa 7 usiku ni 01:00. Hiyo ya usiku inadai swali jingine: ni ya tarehe gani? Msemo wa "usiku wa kuamkia Jumamosi" uliundwa kuondoa utata huohuo katika mazungumzo, na daftari la data linauhitaji vilevile. Amua kanuni moja, iandike juu ya faili, uifuate.

Upande wa mashine, seva na vitambuzi vingi huandika saa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Kila tukio la kati ya saa sita na saa tisa usiku huangukia siku iliyotangulia. Kwa duka la dawa linalofungwa saa mbili usiku, hakuna madhara. Kwa baa, kituo cha mafuta cha saa 24 au matatu za usiku, sehemu nene ya mapato ya Jumamosi huhesabiwa Ijumaa. Amri ni mbili, kwa mfuatano huu: tz_localize kwa 'UTC', halafu tz_convert kwa 'Africa/Nairobi'. Wanaotumia maktaba ya zamani ya pytz nje ya pandas wajihadhari: ukiipachika kanda ya Nairobi moja kwa moja kwenye tarehe kupitia tzinfo, utapata tofauti ya saa 2 na dakika 27, ambayo ni saa ya jua ya Nairobi iliyotumika kabla ya saa rasmi kuwekwa. Data iliyosogea kwa dakika 33 haionekani ovyo kwa macho. Inaonekana tu kama watu wamechelewa.

Sifuri si pengo

Tukiombwa tutaje chaguo-msingi moja lililoharibu uchunguzi mwingi zaidi, tutataja hili. Ukijumlisha mauzo kwa siku ukitumia resample ya 'D' (amri ya kupanga data siku kwa siku) kisha sum, siku isiyo na rekodi yoyote hutokea kama 0. Lakini kuna siku za aina tatu zilizofichwa ndani ya sifuri hiyo: duka lilikuwa wazi na hakuna aliyenunua, duka lilifungwa, au duka liliuza lakini rekodi ilipotea. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, mifumo isiyo na betri ilinyamaza huku wauzaji wengine wakiendelea kuuza gizani kwa fedha taslimu. Sifuri kwenye rekodi ya usiku kama huo haielezi biashara, inaeleza waya.

Weka min_count=1 ndani ya sum. Siku isiyo na rekodi itabaki pengo. Halafu ongeza safu ya pili, iite hali, yenye maneno matatu tu: wazi, imefungwa, haijulikani. Kuijaza ni kazi ya mkono ya saa moja au mbili ukiwa na mwenye duka karibu. Hakuna saa itakayokulipa vizuri kuliko hiyo katika mradi mzima.

Kujaza mapengo kuna mitego yake. Amri ya interpolate, ikiachwa, huchukulia kwamba vipimo vimepishana sawasawa hata kama tarehe zinasema vingine; weka method='time'. Pia haina kikomo: pengo la wiki tatu litavutiwa mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na mstari huo utaonekana kama kipindi cha utulivu. Wengi huweka limit=3 wakidhani mapengo marefu yataachwa. Hayaachwi. Siku tatu za kwanza za pengo refu hujazwa, zinazobaki huachwa wazi, nawe unabaki na mkia wa namba za kubuni. Pima urefu wa kila pengo kwanza, ujaze mafupi tu, na uache alama kwenye kila namba uliyoijaza. Mvua usiijaze hivi kamwe. Kati ya siku mbili za mvua hakuna mvua ya wastani. Inanyesha au hainyeshi.

Kujumlisha wiki na mwezi

resample ya 'W' huishia Jumapili na kuipa wiki tarehe ya Jumapili hiyo ya mwisho. Hilo linakubalika kwa hapa, mradi ulijue: wiki yenye lebo ya tarehe 7 Januari 2024 ilianza Jumatatu ya tarehe 1. Tatizo ni wiki ya kwanza na ya mwisho. Data ikikatwa Jumatano, wiki hiyo ina siku tatu tu, na grafu inaporomoka mwishoni. Mporomoko huo wa mwisho ndio unaoonekana zaidi kwenye skrini ya mkutano, na mara nyingi ni wiki ambayo bado haijaisha. Hesabu siku ndani ya kila wiki na uondoe zisizotimia.

Miezi nayo haina urefu mmoja. Duka linalouza shilingi 20,000 kila siku bila kubadilika litaonyesha 620,000 Januari na 560,000 Februari, karibu asilimia 10 chini, na hakuna kilichotokea. Gawanya kwa idadi ya siku, ambayo pandas hukupa kupitia days_in_month. Kwa biashara inayotegemea Jumamosi, hesabu na Jumamosi pia: mwezi una 4 au 5.

Bei ya mafuta inastahili aya yake, kwa kuwa kila mchambuzi wa Nairobi huifikia siku moja. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei tarehe 14, na hutumika kuanzia tarehe 15 hadi 14 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo mfululizo wa bei ya kila siku ni ngazi: unatulia mwezi mzima, unaruka, unatulia tena. Ukiujumlisha kwa mwezi wa kalenda, wastani wa kila mwezi unachanganya bei mbili, nusu kwa nusu, na kuruka kwa ghafla kunageuka mteremko mpole wa miezi miwili. Jenga vipindi vyako vya 15 hadi 14. Mwaka mmoja wa data hiyo una namba 12, hata faili likiwa na mistari 365, na kipimo chochote cha takwimu kitakachohesabu 365 kitajiamini kupita kiasi.

Kuchora

Hapa pandas inang'aa. Mstari mmoja wa amri unachora mfululizo mzima, na tunasisitiza uchore data ghafi kabla ya kulainisha chochote. Kisha panga jedwali lenye miezi kando na miaka juu, uchore kila mwaka kama mstari wake. Kwa mvua ya Nairobi, mchoro huo peke yake unafundisha kuliko kurasa za takwimu: vilima viwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Anayeleta hapa mfano wa wimbi moja kwa mwaka, kama unavyofaa kwa joto la Ulaya, atapata kilima kimoja bandia katikati na kushangaa mbona makosa yake ni makubwa. Weka mawimbi mawili, la miezi 12 na la miezi 6.

Wastani unaosogea wa siku 7 unapatikana kwa rolling, ila kuna tofauti ambayo haionekani. rolling ya 7 hutaka namba 7 kamili na kuacha sita za kwanza wazi. rolling ya '7D' hukubali hata namba moja, hivyo siku ya kwanza "wastani" ni siku hiyo yenyewe, na mwanzo wa mstari hutikisika bila sababu. Weka min_periods mwenyewe. Kumbuka pia kwamba dirisha hutazama nyuma; kilele cha mstari uliolainishwa huja siku tatu baada ya kilele halisi, isipokuwa uweke center=True.

Kutenganisha mwelekeo, msimu na mabaki

Kwa kazi hii tunaingia statsmodels, na ndiyo sababu hasa ya kuiweka. Mabaki ni kile kinachosalia mwelekeo na msimu vikishatolewa. Ina njia tatu. seasonal_decompose ni ya zamani na rahisi: wastani unaosogea kwa mwelekeo, kisha umbo moja la msimu linalorudiwa bila kubadilika miaka yote. Kwa data ya mwezi hupoteza miezi 6 kila ukingo, yaani hujui mwelekeo wa nusu mwaka wa karibuni, ambao ndio mwenye biashara anauuliza. Inakataa mapengo, inadai mizunguko miwili kamili, na ukiitaka kwa njia ya kuzidisha (mwelekeo mara msimu, badala ya kuvijumlisha) inakataa sifuri. Itumie kufundishia.

STL, mbinu iliyochapishwa mwaka 1990 na Robert Cleveland na wenzake, ndiyo tunayoitumia kila siku. Msimu unaruhusiwa kubadilika polepole, na mwelekeo unafika hadi siku ya mwisho. Vitu vitatu vya kugusa. Kwanza period: kwa data ya siku itakisia 7, kwa ya saa 24, kwa ya mwezi 12. Pili seasonal, ambayo lazima iwe namba isiyogawanyika kwa mbili na huanzia 7: ndogo huacha msimu ufuate kila mtikisiko, kubwa huushikilia. Kwa mauzo ya siku ya duka la mtaani tunaanzia 13 na kupanda hadi 35, tukilinganisha. Tatu robust, ambayo huzimwa usipoiwasha. Iwashe. Bila hiyo, Krismasi moja inavuta mwelekeo na kuharibu wiki za jirani. Data ambayo mtikisiko wake hukua pamoja na ukubwa wake uipitishe kwanza kwenye logi (logarithm), kwa sababu STL hujumlisha tu, haizidishi.

Sasa lile linalotuuma. Ukiacha period ya 7 kwa mauzo ya siku ya Nairobi, msimu wa wiki utatoka safi, na mabaki yatakuwa na miiba kila baada ya siku 30 hivi. Hiyo ni mishahara. Mwisho wa mwezi ni mzunguko wenye nguvu hapa, na STL haiwezi kuukamata, maana urefu wake haudumu: 31, 28, 31, 30. Kuweka period ya 30 kunateleza. Baada ya miezi michache kilele kiko siku mbali na mahali pake. Njia inayofanya kazi ni kuhesabu siku zilizobaki kabla ya mwezi kuisha, days_in_month kutoa tarehe, ambapo 0 ni siku ya mwisho, kisha kuchukua mediani, yaani thamani ya katikati, ya mabaki ya STL kwa kila idadi hiyo. Chora 0 hadi 30. Kwa duka la nyama au vifaa vya ujenzi umbo linajitokeza bila kubembelezwa, na utajua kama wateja wako hulipwa tarehe za mwisho, mapema mwezi ujao, au kwa wiki.

Sikukuu zishughulikiwe vivyo hivyo, nje ya STL, kwa safu ya ndiyo na hapana. Madaraka tarehe 1 Juni na Jamhuri 12 Desemba hazihami, ingawa zikiangukia Jumapili mapumziko huenda Jumatatu. Pasaka huhama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Idd hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na kwa duka la Eastleigh, mtaa wenye Waislamu wengi, hakuna tarehe ya kalenda ya kawaida inayoweza kuishika. Orodha ya sikukuu iandike kwa mkono.

Kwa data ya saa kuna MSTL, iliyoingia toleo la 0.14, inayopokea mizunguko kadhaa pamoja: 24 na 168 kwa siku na wiki. Ni nzuri mno kwa mita za stima na maji. Kumbuka jambo moja: mzunguko unaozidi nusu ya urefu wa data huondolewa, na onyo lake hupotea kwa urahisi kati ya maonyo mengine.

Halafu kuna kipindi ambacho hakuna zana itakayokitengeneza. Kafyu ya korona ilianza 27 Machi 2020 na kuondolewa 20 Oktoba 2021. Ni karibu miezi 19. robust husamehe siku chache zilizojitenga. Haiwezi kuisamehe miezi 19, itaifanya kuwa hali ya kawaida. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021, na mwaka wa masomo wa 2022 ukaanza Aprili. Kalenda ya kuanza Januari ilirudi 2023. Kwa muuza sare na vitabu, msimu wa miaka hiyo haulingani na wa kabla wala baada yake. Kata data vipande vitatu na uchunguze kila kimoja peke yake. Hasara ya kuwa na data fupi ni ndogo kuliko hasara ya msimu wa kubuni.

Fahirisi ya bei ya KNBS, shirika la takwimu la taifa, ina mkato wa aina nyingine. Ya sasa huhesabu Februari 2019 kuwa 100, iliyotangulia ilihesabu Februari 2009. Ukiunganisha faili mbili bila kuzilinganisha, mstari unaporomoka mahali ambapo bei hazikushuka hata kidogo. Tafuta miezi ambayo fahirisi zote mbili zinayo, upate uwiano, uzidishe.

Mfululizo na kivuli chake

Otokorelesheni, yaani kiasi ambacho leo inafanana na jana, juzi, na wiki iliyopita, huchorwa kwa plot_acf. Kwa duka la kawaida tegemea vilele kwenye 7, 14 na 21. Kwa data ya siku 365 chaguo-msingi hukomea hatua ya 26 hivi, yaani kulinganisha leo na siku 26 zilizopita, kwa hiyo mwisho wa mwezi haumo kabisa kwenye mchoro; weka lags=70. Utepe wa kivuli ni wa asilimia 95, maana yake ukichora hatua 70 utegemee tatu au nne kutoka nje kwa bahati tu. Usizijengee hadithi. Na mfululizo wenye mwelekeo mkali huonyesha milingoti mirefu inayoshuka taratibu, jambo linaloficha yote mengine. Chora otokorelesheni ya mabaki ya STL badala yake. Data ikiwa na mapengo, tumia acf yenyewe ukiweka missing='conservative', la sivyo majibu yote hutoka matupu.

Vipimo vya utulivu, yaani kama wastani na mtikisiko wa mfululizo havibadiliki kadiri wakati unavyokwenda, ni adfuller na kpss, navyo vinauliza maswali yaliyopinduana: cha kwanza huanza kwa kudhani mfululizo hautulii, cha pili kwa kudhani umetulia. Viendeshe vyote viwili. Vikipingana, tazama kama kuna mruko wa kiwango katikati, kama ule wa 2020. Hakuna hata kimoja kati yake kinachokuambia habari za msimu, na ngazi ya bei ya mafuta huvichanganya vyote.

Mbadala

R, lugha nyingine ya programu ya takwimu, ina maktaba za tsibble na feasts, zinazotoka kwa kundi la mtaalamu wa utabiri Rob Hyndman. Kwa uchunguzi mtupu tunakiri ziko mbele: tsibble inakulazimisha uyakabili mapengo tangu mwanzo, na michoro ya msimu huja kwa amri moja. Anayeijua R asihame. Sababu ya kubaki na pandas ni ya kijamii zaidi kuliko ya kitaalamu: wenzako ofisini, kozi na watu wa kukusaidia Nairobi wengi wao wako kwenye Python. Excel itumike kuangalia, isitumike kusafisha. Ikiifungua faili la CSV na kulihifadhi tena, inaweza kubadilisha tarehe bila kukuuliza.

Kabla ya kumkabidhi mwingine kazi yako, andika namba za matoleo. Tangu pandas 2.2, ya Januari 2024, alama za vipindi zimebadilishwa: 'M' ya mwisho wa mwezi ni 'ME', 'Q' ni 'QE', 'H' ya saa ni 'h', 'T' ya dakika ni 'min'. Daftari la Jupyter lililoandikwa 2021 hutoa maonyo kwanza, kisha kwenye matoleo ya mbele zaidi hukataa. Faili dogo la requirements.txt lenye namba kamili, pamoja na ile orodha ya sikukuu na safu ya hali, vikae kwenye folda moja na data.